Jinsi ya kukapata kaua ka Arabis alpina ukipanda Kilimanjaro, mazoezi unaanzia gengeni Dar

Wadau wa Dar mnaojipanga kupanda Kilimanjaro, kule juu kuna kaua keupe kanaitwa Arabis alpina, ndugu wa damu wa kabichi, figili na haradali, na wengi wanakapita hivihivi kwa sababu macho yote yako kileleni. Inaniuma kwa kweli.

Usisubiri ufike Moshi ndo uanze kujifunza. Nenda gengeni asubuhi mwambie mama akutafutie chainizi iliyotoa maua, ile wateja wanaikataa eti imekomaa. Chukua ua moja la njano ulisogeze karibu na macho, utaona petali nne zimekaa kama msalaba, halafu katikati stameni (vile vijiti vyenye chavua) sita, nne ndefu mbili fupi. Hiyo nne ndefu mbili fupi ndo alama ya ukoo wao karibu wote, ishike vizuri. Rudia na maua matatu manne mpaka uache kuhesabu kwa kidole.

Sasa mlimani. Msituni usihangaike nako, subiri mtoke kwenye miti mikubwa, kama mita 3,000 kwenda juu, ndo uanze kuchungulia penye unyevunyevu na kivuli: chini ya miamba iliyoinama, kwenye nyufa za mawe, pembeni ya vijito. Mwambie mwongozaji wako mapema kwamba utakuwa unasimamasimama, maana ukichelewesha kundi bila taarifa mtakwazana bure. Mmea wenyewe mfupi, mara nyingi hauvuki rula ya shule, majani ya chini yamejipanga duara, yana menomeno pembeni na vinyweleo, ya juu hayana kikonyo, yameukumbatia mwili wa shina. Matunda yake ni maganda membamba marefu, kama maharage machanga yaliyokonda. Ukikuta kaua keupe kenye petali tano zilizopasuka nchani, hako siko, ni ukoo mwingine kabisa.

Usichume hata kamoja. Ile ni hifadhi ya taifa, na zaidi ya hapo hako kamea kule kamekaa kama kisiwani, watafiti wa vinasaba wanasema asili yake ni upande wa Uturuki ya leo, ndugu zake wako mpaka milima ya Ulaya, ila kakitoweka kwenye mlima huo hakuna jirani wa karibu wa kuleta mbegu, huku chini joto hakaliwezi.

Wewe piga picha, na sio moja ya ua tu kama wengi wanavyofanya halafu mtaalamu anashindwa kusema kitu. Piga ua kwa mbele, ua kwa ubavu, jani la chini, jani la juu linavyoshika shina, ganda la mbegu, halafu moja ya mbali inayoonyesha mwamba wenyewe. Andika na mita za mwinuko. Ukiirusha mtandaoni taja mlima na mwinuko, ile lokesheni kamili ya simu izime.