Kujaribu gari jipya la umeme kati ya Arusha na Marangu kabla halijazinduliwa

Mwongozo huu ni wa karakana au kampuni ndogo iliyokwisha kuunda magari yake ya kwanza ya majaribio, na tarehe ya uzinduzi tayari imebandikwa ukutani. Hesabu zote hapa ni za gari dogo la watu wanne: kilo 1,400 likiwa na abiria, betri ya LFP (lithiamu na fosfati ya chuma) ya yuniti 30, volti 350 hivi. Yuniti ni zilezile za LUKU, yaani kilowati-saa moja moja. Gari lako likiwa zito zaidi, zidisha.

Andika kwanza kitakachoahirisha uzinduzi

Kabla gari halijatoka getini, kaeni chini muandike kasoro zitakazosimamisha kila kitu bila mjadala: breki kubadilika ghafla, umeme mkubwa kuvuja kwenye bodi, gari kuzimika likiwa mwendoni, betri kupanda joto bila sababu inayojulikana, plagi ya kuchajia kuyeyuka. Wote watie sahihi, mwenye mtaji akiwemo. Baada ya kadi za mwaliko kuchapwa na maturubai kukodiwa, kila kasoro huonekana ndogo, na fundi anayesema "bado" huonekana mkorofi.

Tengenezeni magari matatu, si moja. La kwanza ni la kuteswa kwenye barabara mbovu, la pili ni la majaribio ya umeme na maji, la tatu hukaa safi kwa ajili ya kulinganisha. Ukiwa na moja tu, huwezi kujua kama nati iliyolegea ni kosa la mchoro au ni mkono wa fundi aliyeifunga siku ile. Yote matatu yawe na namba na bima kabla ya kukanyaga barabara ya umma.

Kabla tairi halijazunguka

Umeme wa DC, yaani wa mkondo mnyoofu kama wa betri, ukizidi volti 60 huhesabiwa kuwa wa hatari, na hapa tuna 350. Anayeugusa mfumo avae glovu za mpira za daraja 0, zinazostahimili volti 1,000, na za ngozi juu yake. Kila asubuhi zijazwe hewa na kukunjwa ili tundu lijulikane. Chomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri, ifungie kabatini, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi. Subiri dakika 10 kapasita (vihifadhi umeme) za inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa AC ya mota, ziishe umeme, kisha pima: kwanza chanzo unachojua kina umeme, halafu gari, halafu chanzo kile tena. Mita iliyokufa nayo husoma sifuri.

Kisha chukua mega, kipimo cha ukinzani kinachotumia volti kubwa, upime jinsi waya za umeme mkubwa zilivyotengwa na bodi. Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa inataka angalau ohm 100 kwa kila volti upande wa DC, na ohm 500 kwa kila volti pale DC ilipoungana na AC. Kwa volti 350 hizo ni ohm 35,000 na 175,000. Usiridhike nazo. Gari jipya na kavu husoma mamilioni, kwa hiyo wekeni mstari wenu kwenye ohm milioni 1. Likisoma 200,000 limepita kanuni, lakini mahali fulani pana unyevu au waya imechubuka. Kabla ya kutumia mega, tenganisha kifaa cha gari chenyewe kinacholinda uvujaji, na usizidishe volti ambazo mtengenezaji wa inveta ameruhusu.

Jaribio linalorukwa mara nyingi ni la kontakta, swichi kubwa zinazounganisha na kukata umeme wa betri. Gari likiwashwa, umeme hupita kwanza kwenye rizista ili kapasita zijae taratibu, ndipo kontakta kuu ifunge. Rekodi volti za inveta katika kila uwashaji: kontakta isifunge kabla hazijafika kama asilimia 95 ya volti za betri. Ikifunga mapema, cheche hulehemu vidole vyake. Kontakta iliyolehemeka haitajionyesha kwa wiki kadhaa, kwa sababu kuwasha inawasha. Itaonekana siku mnayotaka kukata umeme na haukatiki. Washa na kuzima mara 200, halafu hakikisha kwa mita kwamba kila upande unakata kweli.

Bolti zote za betri, mota na miguu ya gari zifungwe kwa spana ya toki, kisha zichorwe mstari mmoja wa rangi unaovuka nati na chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Kopo la rangi ni bei ndogo sana kwa kazi inayofanya.

Kuchaji kwa umeme wetu

Soketi ya nyumbani imeandikwa ampea 13, lakini hiyo haina maana ya ampea 13 kwa saa 14 mfululizo. Weka chaja kwenye ampea 10, yaani kilowati 2.3, na ukubali kwamba betri ya yuniti 30 itajaa kwa saa 14 hadi 15. Pima joto la plagi kwa kipimajoto cha mwanga baada ya nusu saa na baada ya saa mbili. Likizidi nyuzi 60 au likiwa bado linapanda, zima. Mara nyingi tatizo liko kwenye soketi ya bei rahisi au ekstensheni iliyoachwa imeviringwa, lakini mteja atalilaumu gari, kwa hiyo gari lenyewe liwe na sensa ya joto kwenye plagi na lipunguze ampea bila kuambiwa.

Chaja ijaribiwe kuanzia volti 190 hadi 255 kwa transfoma ya kurekebisha. Kisha kata umeme na kuurudisha mara 20. Umeme unaporudi baada ya kukatika, friji na pampu za mtaa mzima huwaka pamoja na volti huyumba, kwa hiyo chaja isubiri dakika kadhaa kabla ya kuanza tena. Jaribu pia kwenye jenereta. Jaribu na kwenye nyumba isiyo na waya wa ardhi: gari salama litakataa kuchaji hapo. Swali la ubora ni kama dashibodi itasema sababu kwa maneno yanayoeleweka au itawasha tu taa nyekundu na kumwacha mtu anakisia.

Funga mita upande wa ukuta. Yuniti zinazoingia betrini ni pungufu ya zile za LUKU kwa asilimia 10 hadi 15 hivi, na mteja analipia za ukutani. Matangazo yaandikwe kwa hesabu hiyo.

Mteremko wa Marangu ukiwa na betri iliyojaa

Jaribio hili ndilo hasa linalofaa kufanyiwa Kilimanjaro. Geti la Marangu liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, na ukishuka hadi Himo umepoteza karibu mita 950 kwa mwendo wa kama kilomita 20. Gari la kilo 1,400 likishuka hivyo hutoa yuniti 3.6. Msuguano wa tairi na upepo hula 1.3 hivi. Zinazobaki, zaidi ya 2, lazima zirudi betrini kupitia mota au ziwe joto kwenye breki za kawaida.

Sasa mfikirie mteja mwenye nyumba ya wageni kule juu. Amechaji usiku kucha, asubuhi anashuka na asilimia 100. Betri iliyojaa haipokei, hivyo mota haiwezi kushika. Aliyezoea kuachia pedali gari likajizuia lenyewe ataachia, na gari litaendelea kuteleza. Hicho ndicho kinachotisha: gari lilelile, pedali ileile, tabia tofauti kulingana na kiasi cha chaji.

Shuka mara nne: ukiwa na asilimia 100, 95, 88 na 60. Dereva asiambiwe ni ipi. Kila mara rekodi nguvu inayorudi betrini, mkandamizo wa pedali unaohitajika kubaki kilomita 40 kwa saa, na joto la diski ukifika chini. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu huanza kuchemka kwenye 140, na DOT 4 kwenye 155. Kwa hiyo rudieni jaribio na mafuta ya zamani pia. Pedali ikizama, sababu ni mvuke ndani ya paipu. Programu ichanganye breki ya mota na ya diski ili mguu wa dereva usihisi tofauti, au mwache akiba: gari lisijaze zaidi ya asilimia 90 pale mwenye nyumba mlimani anapochagua hivyo.

Baada ya kushuka pandeni tena palepale, watu wanne ndani na kiyoyozi kimewashwa, hasa Januari au Februari. Hapo ndipo joto la mota na inveta hujulikana.

Umbali wa kutangaza

Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, Moshi kwenye 850, na kati yao ni kilomita 80. Tofauti hiyo ya mwinuko ni yuniti 2 kwa gari letu. Ukienda Moshi utaona gari linatumia kidogo ajabu, ukirudi, unalipa. Umbali unaopimwa kwa kushuka tu ni uongo, hata kama namba ni za kweli. Fanyeni safari tatu za kwenda na kurudi, na katika mwongozo wa mteja toeni namba ya kupanda peke yake. Kumbukeni pia kwamba Tengeru, Usa River na Boma Ng'ombe zina vibao vya 50 na matuta, mwendo ambao gari la umeme linaupenda. Ongezeni kipande cha 80 kwa saa bila kusimama, upande wa Kisongo kuelekea Makuyuni.

Vumbi, maji, na barabara ya bati

Gari la kuteswa lifuate gari jingine kwa mita 20 kwenye barabara ya vumbi, kilomita 30. Fungua mfuniko wa kuchajia na milango ukiangalia vumbi limeingilia wapi. Vumbi la kwetu ni laini kama unga. Likishaingia kwenye koneksheni na kukutana na masika, huwa tope linalopitisha umeme.

Kwa maji watu wengi hupitisha gari likiwa baridi, na linafaulu. Fanya kinyume: liendeshe hadi kasha la betri na mota vipate moto, ndipo uingie kwenye maji ya sentimita 30 kwa mwendo wa mguu, usimame dakika 5. Kasha la moto likipoa ghafla, hewa ndani hujikunja na kunyonya maji kupitia sili yoyote dhaifu. Pima kwa mega mara ukitoka, halafu tena kesho yake asubuhi. Kipimo cha pili ndicho chenye habari, kwa sababu unyevu husafiri usiku.

Barabara iliyokunjamana kama bati hulegeza vitu ambavyo mashimo makubwa huviacha. Kimbia 40 hadi 60 kwa saa, kilomita 500, kisha kagua kila mstari wa rangi. Angalia hasa koneksheni ndogo za volti 12: pini zikitikisika huota kutu nyembamba, na matokeo yake ni kasoro inayokuja na kuondoka. Na kwa kuwa hakuna injini ya kuficha sauti, kila plastiki inayogonga itasikika. Nje ni kinyume chake, bodaboda na watembea kwa miguu hawalisikii gari kabisa, kwa hiyo king'ora cha mwendo mdogo kijaribiwe pale Soko la Kilombero penye kelele, si uani.

Daftari la kasoro

Kila kasoro iandikwe: kilomita, asilimia ya betri, joto, toleo la programu, dereva alifanya nini sekunde kumi kabla. Usikubali neno "imepona yenyewe". Kasoro isiyorudiwa ibaki wazi hadi mweze kuisababisha kwa makusudi, kisha kuizuia kwa kubadili kitu kimoja tu. Mkibadili programu na sili siku moja, hamtajua kilichosaidia.

Programu ifungwe wiki mbili kabla ya uzinduzi. Anayeomba "badiliko dogo tu" aambiwe majaribio ya breki yanaanza upya. Magari ya majaribio yalale nje, mbali na majengo, na namba 114 ya Zimamoto iwe ukutani. Asubuhi ya siku yenyewe pima betri ndogo ya volti 12 kabla ya kitu kingine. Ikiwa chini ya 12 kamili, huenda kontakta zisifunge, na gari lenye yuniti 30 tumboni likasukumwa kwa mikono mbele ya wageni.