Kuisaka NaN katika programu ya Fortran: mfano wa maji ya Kilindini

Tuseme programu yako husoma kimo cha maji Kilindini kila saa, kisha hutoa wastani wa kila siku. Siku 11 za mwanzo ziko sawa, ya 12 ni NaN ("Not a Number", yaani matokeo yasiyo namba halali), na wastani wa mwezi mzima nao ni NaN. Usiuguse mstari wa mwezi. NaN huambukiza kila hesabu inayoipitia, kwa hiyo unapoiona sipo ilipozaliwa. Kompaili upya hivi:

gfortran -g -O0 -fbacktrace -ffpe-trap=invalid,zero,overflow -finit-real=snan maji.f90 -o maji

(Kwa kompaila ya Intel, -fpe0 pamoja na -traceback.) Sasa programu itakufa palepale penye hesabu mbovu na kukutajia namba ya mstari. Kigeu ambacho hukukipa thamani nacho kitanaswa, ila -finit-real haifiki kwenye safu za allocatable (zinazotengewa nafasi programu ikiwa inaendeshwa). Hizo zijaze mwenyewe.

Hapa mkosaji ni kugawa: siku ya 12 kipimo kilikuwa kimezimika, idadi ya vipimo ni 0, na 0.0 kwa 0 ni NaN. Wengine wa kuwashuku ni sqrt na log za namba hasi, na acos ya 1.0000001 iliyovuka 1 kwa makosa ya kukadiria tu. Hiyo ibane kwa min(1.0, max(-1.0, x)).

Pengo (saa isiyo na kipimo) lililoandikwa -9999 ni hatari kuliko NaN, maana huvuta wastani chini kimyakimya. Ligeuze liwe NaN mara tu baada ya kusoma, kwa moduli iliyokuja na Fortran 2003 (h ni safu ya vimo vya siku, ok ni safu ya logical):

use, intrinsic :: ieee_arithmetic
...
where (h < -900.0) h = ieee_value(1.0, ieee_quiet_nan)
ok = ieee_is_finite(h)
n = count(ok)
if (n > 0) then
  wastani = sum(h, mask=ok) / n
else
  wastani = ieee_value(1.0, ieee_quiet_nan)
end if

Hapa ndipo wengi hukwama. NaN hailingani na chochote, hata yenyewe, na kuilinganisha kwa < au > huamsha ule mtego wa invalid tulioutega kwa -ffpe-trap. Ukitafuta maji ya bamvu yaliyopita mita 3, usiandike

if (ieee_is_finite(h(i)) .and. h(i) > 3.0) ...

Fortran haiahidi kuusoma upande wa kushoto kwanza, wala kuuacha wa kulia. Tumia if mbili, moja ndani ya nyingine:

if (ieee_is_finite(h(i))) then
  if (h(i) > 3.0) bamvu = bamvu + 1
end if

Ukimaliza, rudisha -O2 (kuongeza kasi) badala ya -O0. Usitie -Ofast wala -ffast-math: hapo kompaila huchukulia kwamba NaN haipo kabisa, na inaweza kuufuta ukaguzi wako wote bila kukuonya.