Samaki wa baharini wasiotulia ndani ya tangi la sentimita 90

Muuzaji wa matangi atakutajia lita. Samaki hana habari na lita. Yeye anajua alipotoka, alipofika na kioo kilichomgeuza. Tangi la mchemraba la sm 55 kila upande hubeba lita 166. Tangi la urefu wa sm 90, upana 45 na kimo 45 hubeba lita 182. Maji yamezidi kwa ndoo isiyojaa, lakini njia ya kuogelea imezidi kwa zaidi ya nusu. Kwa samaki wa kushinda shimoni akichungulia, tofauti hiyo si kitu. Kwa samaki anayezunguka tangu asubuhi hadi taa izimwe, ndiyo kila kitu.

Mwongozo huu ni wa tangi hilo la 90 × 45 × 45, kwa mtu anayejua tayari kupima chumvi na sasa anataka samaki wa mwendo.

Hatua ya 1: Tangi na meza

Kioo kiwe cha mm 10. Ukiondoa mchanga, mawe na sm 4 za juu zinazoachwa wazi, maji halisi yatakuwa lita 140 hivi, na hesabu zote hapa chini zinatumia 140. Kila kitu kikiwa ndani, uzito unafika karibu kilo 220. Meza ya televisheni ya ule ubao unaovimba ukilowa haifai hata kidogo. Pima usawa kwa pimamaji kabla ya kumimina tone la kwanza.

Hatua ya 2: Chagua samaki kabla ya kununua jiwe hata moja

Samaki huamua mchanga, mawe na kifuniko, kwa hiyo huyu ndiye wa kuanza naye. Kwa tangi hili idadi ni wanne, basi. Mpangilio unaofanya kazi, na wote wanapatikana katika bahari ya Afrika Mashariki:

– Halichoeres iridis mmoja. Hukua hadi sm 11 au 12, hushinda akiogelea, na usiku hulala amejizika mchangani. Urefu wa sm 90 ndio mpaka wake. Chini ya hapo usimweke.
– Centropyge acanthops mmoja, kitatange mdogo wa kichwa cha manjano na mwili wa buluu. Hafiki zaidi ya sm 8.
– Jozi ya Amphiprion akallopisos, jamii ya Nemo, wa rangi ya chungwa mwenye mstari mweupe juu ya mgongo. Hawahitaji anemoni, yule mnyama laini wa baharini wanayejificha ndani yake, ndani ya tangi.

Pseudocheilinus hexataenia, yule mdogo wa mistari sita, naye hufaa, ila asiwe pamoja na Halichoeres. Ni mkorofi kuliko umbo lake. Ukimtaka yeye, mwache mwenzake, na awe wa mwisho kuingia.

Sasa wale wanaokuja dukani wakiwa wadogo na kukudanganya. Kangaja wa aina zote, pamoja na Paracanthurus hepatus wa buluu anayefika sm 31, hawana nafasi hapa. Hoja ya "nitamhamisha akikua" huishia na samaki aliyekonda, mwenye vidonda vya kujigonga. Wa pili ni Coris. Mtoto wake wa sm 5 ana rangi ya chungwa na mabaka meupe yaliyozungushiwa weusi, na hakuna asiyempenda. Coris cuvieri hufika sm 38, na Coris formosa sm 60. Wa tatu ni Labroides dimidiatus, yule anayesafisha samaki wengine. Chakula chake ni wadudu wa miilini mwa samaki, na samaki wako wachache hawawezi kumshibisha. Chromis viridis watano "wa kuogelea kundi" nao ni mtego: katika tangi dogo hunyanyasana mmoja baada ya mwingine hadi abaki mmoja au wawili.

Hatua ya 3: Mawe yapangwe kama njia, si kama ukuta

Kosa linaloonekana kila nyumba ni mawe yaliyoegemezwa kioo cha nyuma kutoka pembe hadi pembe. Yanapendeza kwa anayetazama, lakini samaki amebakiwa na ukumbi wa sm 20 mbele, na maji ya nyuma ya mawe hayasogei. Uchafu hujikusanya pale na naitreti (mabaki ya uchafu uliooza) hupanda bila sababu unayoiona.

Chukua kilo 12 za mawe makavu yenye vitundu. Jenga vichuguu viwili, kimoja kikubwa kidogo kuliko kingine, kila kimoja mbali na kioo cha nyuma kwa sm 8 angalau na kioo cha pembeni kwa sm 12. Kati yao acha sm 20. Ukimtazama samaki baada ya wiki utaona anachora namba nane: anapita mbele ya kichuguu cha kwanza, anakatiza katikati, anazunguka nyuma ya cha pili, anarudi. Urefu wa tangi ni sm 90, lakini mzunguko huo unazidi mita mbili, na samaki hakutani na kioo uso kwa uso. Anayepanda na kushuka pembe moja ya kioo kutwa nzima ndiye anayekuambia kwamba njia haipo.

Mawe yakae juu ya kioo cha chini, kisha mchanga umwagwe kuyazunguka. Yakikalishwa juu ya mchanga, Halichoeres atachimba chini yake na jiwe litamwangukia.

Mchanga uwe laini, punje za mm 0.5 hadi 1, kina cha sm 5. Kokoto za matumbawe yaliyopondwa humchubua anapojitupa ndani, na kidonda cha mdomoni humfanya aache kula.

Usivunje matumbawe hai baharini. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, na ndani ya hifadhi za bahari kama Kisite ya Kenya au Chumbe ya Zanzibar hairuhusiwi kuchukua chochote.

Hatua ya 4: Maji

Chumvi gramu 35 kwa lita, yaani 1.026 kwenye refraktomita, joto nyuzi 25 hadi 27, pH 8.1 hadi 8.4. Chumvi ya kuchanganya hutumika gramu 36 hivi kwa kila lita ya maji yaliyochujwa kwa RO (mtambo wa utando unaoondoa chumvi na uchafu). Maji ya kisima ya miji ya pwani yaache: mengi tayari yana chumvi na naitreti.

Anayeishi karibu na bahari anaweza kuteka maji huko huko. Teka maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na midomo ya mito, na si wakati wa masika. Yapitishe kwenye kitambaa cha chujio cha mikroni 5, yaweke gizani kwenye mapipa yaliyofunikwa, na upime chumvi kila mara, usikisie.

Kila wiki badilisha lita 15 (chumvi gramu 540). Yazungushe kwa pampu saa 24 kabla ya kuyatia, yawe na joto sawa na la tangi.

Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi hubaki. Kwa hiyo kila siku ongeza maji yasiyo na chumvi. Ukipoteza lita 3 kwa siku na ukasahau siku tatu, chumvi inatoka gramu 35 inafika zaidi ya 37. Weka alama ya kalamu kwenye kioo na ujaze maji hadi hapo.

Hatua ya 5: Mkondo na hewa

Hapa ndipo matangi mengi ya samaki wa mwendo hufia, na mwenye tangi husema "waliugua."

Maji ya bahari hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kwenye nyuzi 25, maji baridi yaliyoshiba hewa yana miligramu 8.3 kwa lita. Ya bahari yana 6.7 tu. Joto likifika nyuzi 30, kama nyumba nyingi za Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, inabaki 6.2. Na usidhani Nairobi kuna nafuu: kule hewa yenyewe ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko, na tangi la nyuzi 26 hushika kama 5.4. Samaki anayeogelea bila kupumzika hutumia oksijeni nyingi kuliko aliyetulia, na usiku mwani nao unaipumua.

Kwa hiyo:

Weka pampu mbili za mkondo, jumla lita 2,800 hadi 3,500 kwa saa, yaani tangi zima mara 20 hadi 25. Ziwe kwenye vioo viwili vya pembeni, kimo tofauti, zikielekezwa juu kidogo ili uso wa maji utikisike. Uso ukiwa mtulivu kama kioo, au una utando wa mafuta, hewa haiingii hata pampu ikiwa kubwa namna gani.

Weka skima (kichujio cha povu) ya ukubwa wa tangi la lita 200. Huondoa uchafu, na povu lake huingiza hewa pia.

Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hivi. Pwani, siku za unyevu mwingi, hushusha pungufu ya hapo, na inakuongezea kazi ya kujaza maji. Walio Nairobi au Arusha wana shida ya kinyume: hita ya wati 150.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa hewa, tena ndani ya saa chache. Amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, huja baadaye. Nunua pampu ndogo ya hewa ya USB, wati 2, na pawabenki ya mAh 20,000. Baada ya upotevu, itakupa karibu saa 30. Ijaze na uijaribu kila mwezi. Umeme ukiwa haupo, usilishe.

Siku samaki wakiwa wazima, hesabu mara ngapi kwa dakika matamvua yanafunguka, uandike. Bila namba hiyo hutajua siku watakapopumua haraka.

Hatua ya 6: Kifuniko

Halichoeres huruka. Huruka taa ikiwashwa ghafla, mlango ukibamizwa, mwenzake akimkimbiza. Tengeneza fremu kwa mifereji ya plastiki ya kupitishia nyaya ukutani, tandaza wavu wa plastiki wa matundu ya mm 6, ubane. Usitumie wavu wa mabati: madini ya zinki yakidondoka majini ni sumu. Tundu la nyaya na la skima lizibwe kwa sponji. Samaki anayeruka mara kumi kwa siku ataligundua.

Hatua ya 7: Kulikomaza tangi bila samaki

Tia bakteria wa chupa, wale wanaokula amonia, na ammonium chloride gramu 0.9, utapata amonia miligramu 2 kwa lita. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itashuka, nitriti itapanda kisha nayo itashuka. Tangi limekomaa pale ambapo dozi hiyo hiyo inaisha yote, amonia na nitriti sifuri, ndani ya saa 24. Huchukua wiki 4 hadi 6. Kisha badilisha nusu ya maji.

Hatua ya 8: Karantini ya kuhama

Ugonjwa wa madoa meupe husababishwa na Cryptocaryon irritans. Mdudu humwacha samaki, huanguka chini, hujifunga kwenye ganda, na kizazi kipya hutoka baada ya siku tatu au zaidi. Basi mhamishe samaki kabla hawajatoka.

Tafuta beseni mbili za plastiki za lita 40. Tia lita 30 za maji mapya, pampu ya hewa, hita kama inahitajika, na vipande vya bomba la PVC vya kujificha. Kila baada ya saa 72 mhamishie beseni ya pili yenye maji mapya. Mhamishe mara nne. Beseni iliyotoka, pamoja na vyombo vyote, ioshwe na ikauke kabisa juani. Maji ya zamani yasifuate hata kikombe. Kwa jumla utatumia lita 150 za maji ya chumvi kwa samaki mmoja, na ni rahisi kuliko kuvunja tangi zima.

Halichoeres awekewe bakuli la mchanga wa sm 5. Bila hilo hatalala. Mchanga huo utupwe kila anapohama.

Njia hii haimalizi velveti, ugonjwa mwingine wa vimelea. Ukiona vumbi kama unga mwilini, samaki anapumua kwa kasi na anaukimbia mwanga, hiyo inahitaji dawa ya shaba, tena siku hiyo hiyo, na dozi ipimwe kwa kipimo cha shaba. Baada ya kuhama mara ya nne, mtazame wiki mbili zaidi.

Hatua ya 9: Chakula

Samaki wa mwendo hana akiba mwilini. Mlishe mara tatu: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni, kila mara kiasi kinachoisha ndani ya dakika moja. Kamba mbichi, umenye, umkatekate vipande vya mm 2, suuza, gandisha ukiwa umemtandaza kama karatasi ili uvunje kidogo kidogo. Uduvi wa kukausha wa sokoni hufaa ukilowekwa dakika 10. Centropyge apate na mwani.

Kama mchana nyumbani hapana mtu, kifaa cha kulishia chenye chembe za mm 1 kitasaidia, lakini kijaze cha siku mbili tu: unyevu wa pwani hugandisha chembe zikaziba tundu.

Mwangalie kwa juu. Mgongo uliobonyea nyuma ya kichwa maana yake anatumia misuli yake kama chakula. Ongeza mlo wa nne, usiongeze wingi wa ule wa tatu.

Hatua ya 10: Kuwaingiza

Halichoeres aingie wa kwanza, taa zikiwa zimezimwa. Huenda akajizika papo hapo na asionekane siku tatu hadi tano. Usichimbue. Tupa chakula kidogo wakati ule ule kila siku.

Jozi ya Amphiprion iingie wiki mbili baadaye. Centropyge awe wa mwisho, ndani ya kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, kilichoning'inizwa tangini siku tatu. Wenzake wakikigonga kisanduku siku ya kwanza, ni kawaida. Wakiendelea siku ya tatu, ongeza siku tatu nyingine na usogeze jiwe moja la kila kichuguu, ili kila mmoja aanze upya kutafuta pake. Wakiacha kumjali, mfungulie jioni, baada ya kulisha.