Kupima vumbi la nyumbani, hewani na sakafuni

Mwezi wa nane Dodoma ukipiga deki asubuhi, saa sita mchana unaweza kuandika jina lako juu ya meza kwa kidole. Siku moja ya upepo, huku Nkuhungu, mapazia yalishakuwa mekundu lakini kimashine changu cha leza cha kupima chembe hewani kilisoma mikrogramu 18 tu kwa mita ya ujazo. Nikadhani kimekufa. Jioni jiko la mkaa likawashwa barazani, kikaruka hadi 140.

Kumbe vimashine hivi hupima mwanga unaotawanywa na chembe. Chembe ndogo za moshi, zile zisizozidi mikromita 2.5, vinaziona vizuri. Vumbi nene la barabarani linavipita. Basi kabla hujanunua, amua unatafuta moshi au udongo. Kitundike usawa wa pua ya mtu aliyekaa, mbali na ukuta na jiko, kikae siku nzima. Kiwango cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha mwaka 2021 kwa chembe hizo ndogo ni mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24, kwa hiyo ile 140 ya jioni usiilinganishe nacho peke yake.

Ukitaka namba ya kusimama nayo mbele ya watu, tumia pampu na chujio. Chujio hupimwa kabla na baada, kwa mizani inayosoma mikrogramu (ya sonara haitoshi), likiwa limelala saa 24 kwenye chumba cha mizani ili unyevu usikudanganye. Pampu ikivuta lita 2 kwa dakika, siku nzima ni mita za ujazo 2.88. Chujio likiongezeka miligramu 0.2, hiyo ni mikrogramu 200. Gawanya, unapata kama 69. Umeme ukikatika, andika dakika zilizopotea.

Sakafuni mimi hutafuta madini ya risasi, hasa penye rangi kuukuu au fundi anayepasua betri chakavu jirani. Usifagie kwanza. Vaa glovu mpya, bandika utepe kuzunguka mraba wa sentimita 30 kwa 30. Pangusa kwa kitambaa chenye maji kwenda na kurudi kama herufi S, kunja uchafu ndani, pangusa tena kwa kukatiza njia ya kwanza, kunja, malizia pembeni. Tia kwenye kichupa, andika mahali na saa. Dirishani ni sampuli nyingine, glovu nyingine.

Mama mwenye nyumba alinikuta nimepiga magoti.

"Mwanangu, deki gani hiyo ya kitambaa kimoja?"

"Shikamoo mama. Sipigi deki, nakusanya vumbi."

"Marahaba. Ungeniambia, nimelitupa ndoo nzima asubuhi!"

Mara ya kwanza nilitumia vitambaa vya watoto vyenye aloe. Maabara ikavikataa, na ilikuwa sahihi: vitu vilivyomo vinaweza kusumbua uchambuzi. Waulize wao wanataka vitambaa gani kabla hujaanza. Halafu peleka kimoja ambacho hakijagusa sakafu, kionyeshe risasi isiyotoka sakafuni: kifungue palepale, kikunje kwa glovu, kitie kichupani. Kikisomeka mikrogramu 1 ya risasi na cha sakafu 10, toa, zinabaki 9. Gawanya kwa 0.09, yaani eneo la ule mraba kwa mita, ni mikrogramu 100 kwa mita ya mraba. Mimi nilikisahau, nikalazimika kurudi kwa yule mama kupiga magoti upya.