Namna ya Kugawana Kazi za Nyumbani ili Wote Walale
Mama anayenunua dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, huamka alfajiri kuwahi mitumbwi, na usiku, mumewe akiwa amekwisha jinyoosha, yeye bado anasugua sufuria. Ndiyo maana hafikishi zile saa 7 za usingizi anazohitaji mtu mzima. Andikeni kwa siku 3 nani alifanya kazi gani, na saa ngapi. Kisha baba ashike kazi nzima, kama kuosha vyombo au kuwaandaa watoto wa shule, bila kusubiri kuagizwa, kwani hapo ndipo wanaume wengi tunapokosea. Mvuvi anayekesha ziwani na taa alale mchana, dirisha likiwa limefunikwa kwa kitenge kizito, na hesabu za mkopo zimalizwe kabla ya kupanda kitandani.