Namna ya Kujenga Bodi Inayosimamia Kweli: Mwongozo kwa Asasi Ndogo za Kiraia Tanzania Bara

Mwongozo huu unazihusu asasi zilizosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, hasa zile ambazo mwanzilishi wake bado ndiye mkurugenzi mtendaji na wajumbe wa bodi ni watu aliowaalika yeye mwenyewe. Katika asasi za namna hiyo bodi huona haya kumhoji mtu aliyeialika, na haya hiyo huwagharimu walengwa kuliko upungufu wa fedha. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mfuatano ninaoutumia ninapoitwa kusaidia asasi ya aina hii.

Hatua ya 1: Soma katiba na cheti cha usajili

Tangu sheria hiyo irekebishwe mwaka 2019, cheti hudumu kwa miaka 10, na maombi ya kukihuisha hupelekwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali miezi sita kabla ya muda huo kwisha. Kisha soma katiba ukiwa na kalamu mkononi, upigie mstari mambo manne: nani huchagua bodi, wajumbe hutumikia kwa muda gani, akidi (idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali) ni ngapi, na nani ana haki ya kupiga kura. Kama hakuna ukomo wa muda, andaa pendekezo la marekebisho kwa ajili ya Mkutano Mkuu. Mimi hupendekeza vipindi visivyozidi viwili vya miaka mitatu, huku wajumbe wakitoka kwa zamu ili bodi isipoteze kumbukumbu yote kwa siku moja.

Hatua ya 2: Tenganisha wanaosimamia na wanaotenda

Bodi huajiri mkurugenzi na kumpima, hupitisha bajeti na sera, na hupokea hesabu. Watendaji huendesha kazi za kila siku. Mkurugenzi ahudhurie vikao akiwa katibu asiye na kura, na mwenyekiti asiwe ndugu wala mwenzi wake. Wajumbe watano hadi saba wanatosha, mradi angalau mmoja wao awe anajua kusoma taarifa ya fedha.

Hatua ya 3: Fungueni daftari la mgongano wa maslahi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote, kwa sababu wajumbe wengi hudhani kwamba kutangaza maslahi ni kukiri wizi. Katika mji mdogo, mwenye gari la kukodi, mwenye ukumbi na mwenye duka la vifaa huenda wote wakawa jamaa au marafiki wa wanabodi, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya huanza pale uhusiano huo unapofichwa. Kila mwaka, kila mjumbe na kila mtendaji ajaze fomu inayotaja biashara zake, ajira zake, na ndugu wa karibu wanaoweza kufanya biashara na asasi.

Tuseme asasi inahitaji gari la kwenda vijijini na mjumbe mmoja analo. Mjumbe huyo atangaze maslahi yake kabla ajenda haijafunguliwa, kisha atoke nje ya chumba. Waliobaki walinganishe bei kutoka kwa watoa huduma watatu, waamue, na muhtasari wa kikao utaje jina lake, jambo alilolitangaza, na kwamba hakuwamo wakati wa uamuzi. Kunyamaza huku ameketi mezani hakutoshi, maana wenzake hawatasema kwa uhuru mbele yake.

Hatua ya 4: Gawanyeni mikono inayogusa fedha

Anayeomba malipo, anayeyaidhinisha na anayeyaandika vitabuni wasiwe mtu mmoja. Kwa asasi yenye watumishi wawili tu jambo hilo ni gumu, kwa hiyo mweka hazina wa bodi apokee taarifa ya benki ya kila mwezi moja kwa moja kutoka benki na ailinganishe mwenyewe na vitabu. Malipo ya simu yapitie akaunti iliyo kwa jina la asasi, kamwe yasipitie laini binafsi ya mtumishi. Masurufu mapya, yaani fedha anazopewa mtumishi kabla ya kazi, yasitolewe kabla ya yale ya zamani kurejeshwa pamoja na stakabadhi. Fedha ambazo mfadhili amezitoa kwa ajili ya visima zisilipe pango la ofisi, hata kama nia ni kuzirudisha mwezi ujao.

Kumbukeni pia kwamba Kanuni za mwaka 2018 zilizotungwa chini ya sheria hiyo ya mashirika ziliweka sharti la kutangaza hadharani fedha zinazozidi shilingi milioni 20, chanzo chake na matumizi yake.

Hatua ya 5: Andikeni muhtasari unaotendeka

Nyaraka ziwafikie wajumbe siku saba kabla ya kikao. Muhtasari uandike maamuzi, mtu anayehusika na tarehe ya mwisho ya utekelezaji, si hotuba za waliochangia. Kikao kinachofuata kianze na yatokanayo, yaani utekelezaji wa maamuzi ya kikao kilichopita, na mwenyekiti asitie saini kabla wajumbe hawajauthibitisha.

Hatua ya 6: Wapeni walengwa hesabu

Taarifa nyingi huandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya mfadhili na kuishia kwake, ilhali fedha ziliombwa kwa jina la wanakijiji. Andaeni ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoonyesha kiasi kilichopokelewa, kilichotumika, kilitumika kwa kazi gani, na kilichobaki. Ubandikeni kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, na chini yake wekeni namba ya simu ya mwenyekiti wa bodi badala ya ile ya mkurugenzi, ili mwenye swali alifikishe kwa wale waliopewa jukumu la kusimamia.