SOMO: Jinsi ya kuingiza wakazi kwenye plani ya mtaa kabla kaunti haijamaliza kuchora

Habari zenu wadau. Kila wiki kuna mtu hapa analalamika ati ghorofa imeota kando ya nyumba yake na hakuna aliyemuuliza, mwingine anasema aliitwa kikao cha maoni ya umma akafika akapewa soda na karatasi ya kusaini akarudi kwake, miezi baadaye anasikia ile saini yake ndio "wananchi walikubali". Sasa leo nieleze vile hii kazi ya kushirikisha watu kwenye sheria za zoni (yaani zinazosema nini kinaweza kujengwa eneo gani) na ujenzi inafanywa ikafanyika, uwe ni kikundi cha wakazi ama wewe ndio umetumwa na kaunti. Mfano wangu mkubwa ni Mukuru hapa Nairobi, juu sijui kazi nyingine Kenya iliyowahi kujaribu hii kitu kwa ukubwa ule.

Kwa wale hawajui, nasema Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, hapo kando ya Industrial Area. Ni kaya kama laki moja hivi. Ardhi nyingi pale iligawiwa watu binafsi zamani wajenge viwanda vidogo, wengi hawakujenga, watu wakaingia na mabati yao maisha yakaendelea. Agosti 2017 kaunti ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa. Hiyo inamaanisha ujenzi mpya unaweza kusimamishwa kwa muda, plani inatengenezwa kwa kipindi cha miaka 2, na vile vipimo vya kawaida vya barabara na ploti vinaweza kulegezwa viendane na hali ya pale. Muungano wa Wanavijiji, ule umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda ambao wako kwa hii mapambano tangu 1996, ndio walibeba mzigo wa kuandaa watu. Wataalamu nao wakagawanywa makundi, maji na usafi kivyake, afya kivyake, ardhi, elimu, fedha, hivyo hivyo.

HATUA YA 1: Jua sheria inakupa nini

Hii nitapita haraka. Katiba ya 2010 kifungu cha 10 inaweka ushirikishwaji wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 115, inasema wazi kuwa kushirikisha umma kwenye mipango ya kaunti ni lazima, si hisani ya gavana. Halafu kuna Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 ambayo ndio inasimamia plani zenyewe na vibali.

Cha kufanya: andikia ofisi ya mipango ya kaunti barua uombe rasimu ya plani, ramani yake, na maelezo ya kila zoni. Taja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inawapa siku 21 za kukujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Barua bila muhuri ni hadithi tu, usije ukasema sikukuambia.

HATUA YA 2: Anza na nyumba kumi, ukumbi uje mwisho

Hapa ndio wengi huharibu. Wanakodisha hema, wanaweka spika, wanaita "wakazi wote", wanakuja watu mia tatu kwa mtaa wa watu elfu arobaini, wanaongea wale wale saba ambao huongea kila baraza, mzee wa mtaa anafunga na maombi. Mama anayeuza mboga hakuja juu ile saa ndio anauza, kijana wa mjengo yuko site, na yule mwenye nyumba yake itakatwa na barabara hata hajui kuna mkutano.

Mukuru walienda kinyume na hiyo. Kila nyumba kumi zikachagua mtu wao mmoja, vikundi kumi vya namna hiyo vikaungana kuwa kikundi cha nyumba mia, kutoka hapo wanapanda juu mpaka eneo zima. Uzuri wake ni kwamba mtu wa nyumba kumi anajua nani ni mgonjwa, nani amehama juzi na nani anafanya kazi usiku, habari inashuka mpaka mlangoni na maoni yanapanda kwa njia ile ile. Nyumba kumi wanakutana hata kwa ngazi ya ploti saa mbili usiku watu wakishakula, hakuna spika hakuna hema.

Angalizo moja: usiwaache wachaguane kwa kelele. Ukifanya hivyo utapata wanaume watupu na wengi wao wawe landilodi. Wekeni sharti kabla ya kuanza, kwamba wapangaji wawemo, wanawake wawemo, na mtu mwenye ulemavu akiwepo kwa hizo nyumba mia asiachwe.

HATUA YA 3: Toa namba kwa karatasi uziweke chini

Nikuambie ukweli, ramani ya mipango haisomeki. Rangi ya njano, ya kahawia, ya zambarau, na kaandishi kadogo kama mchwa. Watu wataiangalia wakitikisa kichwa kwa heshima na hakuna kitu wameshika.

Kwa barabara fanya hivi. Beba tepu na chaki, nendeni wenyewe kwenye kichochoro. Tuseme plani inataka mita 9, ambayo ndio kawaida kwa barabara ya kuingia kwenye ploti. Mmoja ashike mwanzo wa tepu kwa ukuta wa mabati upande huu, mwingine aende nayo upande wa pili. Itapita mtaro, itapita jiko la chapati, itaingia mlangoni kwa mtu, itavuka kitanda chake na kutokea kwa jirani. Piga chaki hapo. Rudi upige ya mita 6, halafu ya mita 4. Sasa nyamaza usikilize. Mwenye jiko atasema yeye anaweza kusogea, mwenye kitanda atauliza anaenda wapi, mwingine atakumbusha kwamba moto ulipowaka gari la zimamoto halikuingia. Hayo ndio maoni yenyewe, andika. Mukuru suala la vipimo lilikuwa zito sana, juu ukichora barabara zote kwa vipimo vya mitaa ya kitajiri unafukuza kaya nyingi mno, na plani inayofukuza watu inaowapangia ni plani ya nani?

Kwa urefu wa majengo tumia hesabu ya ploti moja. Kwa zoni huwa kuna namba mbili za maana: asilimia ya ploti ambayo jengo linaruhusiwa kufunika pale chini, na jumla ya sakafu zote ukilinganisha na ploti. Chukua ploti ya futi 50 kwa 100, hiyo ni futi mraba 5,000. Ukiruhusiwa kufunika asilimia 50, chini unajenga futi 2,500. Kama jumla ya sakafu ni asilimia 100, basi unapata futi 5,000 zote pamoja, yaani sakafu 2. Sasa mtu akibadilisha hiyo asilimia 100 iwe 300, zinakuwa futi 15,000 na jengo ni sakafu 6. Ploti ni ile ile, bomba la maji taka ni lile lile, kilichobadilika ni namba moja kwenye jedwali ukurasa wa nyuma kabisa. Kwa hivyo mkipewa rasimu msianze na ile hotuba ya mbele ya gavana. Fungueni jedwali kwanza, weka ya zamani kando ya mpya, zungushia kila namba iliyobadilika, hapo mmepata ajenda ya vikao vyote.

HATUA YA 4: Landilodi na mpangaji wasikae kikao kimoja mwanzoni

Mpangaji hawezi kusema mbele ya landilodi kwamba choo kimoja kwa vyumba ishirini ni dhambi. Kesho atakuta kufuli. Fanya vikao mbali mbali, mkutane baadaye mkiwa na orodha mbili. Na landilodi usimfanye adui, yeye pia ana hofu yake, akisikia "plani" anasikia "bomoa".

HATUA YA 5: Andika, na urudi

Kila oni liandikwe kwa maneno ya aliyelisema, na mahali linahusu, na namba gani ya plani linagusa. "Watu wanataka maendeleo" si oni. "Njia ya nyuma ya shule ibaki mita 6, isipitishwe malori" ni oni. Wataalamu wakishapokea lazima warudi na majibu, lipi limeingia, lipi limekataliwa na kwa nini. Bila hiyo safari ya kurudi mara ya pili hutaona mtu kikaoni, na siwalaumu.

HATUA YA 6: Peleka rasmi

Plani ikitangazwa kwenye gazeti la serikali na magazeti ya kawaida, notisi husema mna siku ngapi za kupeleka maoni. Hesabuni kuanzia siku ya tangazo, si siku mmeiona. Peleka ofisi ya mipango, nakala kwa MCA wenu (mwakilishi wa wadi) na kwa karani wa bunge la kaunti. Picha za ile chaki ziambatanishe, mimi naziamini kuliko hotuba.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (mkazi wa Kileleshwa): Hii ya nyumba kumi ni ya mitaa ya mabati, sisi huku kwa apatimenti hata jirani simjui, tutafanyaje?

Jibu: Boss, kwenu ni rahisi zaidi. Nyumba kumi ni sakafu mbili ama tatu za jengo moja. Anza na keateka, yule mtunza jengo, yeye ndio anajua watu wote, bandika tangazo ndani ya lifti. Shida yenu ni nyingine, chama cha wakazi huwa ni wenye nyumba peke yao, wapangaji hawaitwi na ndio wengi. Na mama wa kibanda hapo getini naye plani inamgusa, msimsahau halafu mkamtafuta asubuhi awauzie ndizi.

Swali: Jengo la kando yetu limeshapewa kibali na sisi hatukubaliani, tunaanza hatua gani?

Jibu: Hapo umeshatoka kwenye plani umeingia kwenye kibali, njia ni tofauti. Sheria ya 2019 inakupa siku 14 tangu uamuzi utolewe ukate rufaa kwa ile kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango. Usiporidhika unaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache sana, kwa hivyo msikae mkibishana kwa grupu la WhatsApp nani asaini. Pitieni pia ofisi ya mipango muone kama kibali kinafanana na kinachojengwa, mara nyingine karatasi inasema sakafu 8 na fundi yuko ya 11.

Swali (niko Dar): Kaka, na huku kwetu inafanya kazi? Sisi hatuna kaunti.

Jibu: Inafanya ndugu yangu, badilisha majina tu. Kwenu mamlaka ya upangaji ni halmashauri, chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Badala ya mtu wa nyumba kumi mnao wajumbe, mna mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mkutano wa mtaa. Kwenye urasimishaji, yaani kupima na kupanga mitaa iliyojengwa bila plani, ndio ile hatua ya tepu inasaidia sana, juu kila mtu anakubali barabara ipite ila ipite kwa jirani. Pigeni chaki kabla mpimaji hajaweka bikoni (alama za mipaka), baada ya hapo kubadilisha ni gharama.

Swali: Nani analipa? Watu huku hawaji bila posho.

Jibu: Kikao cha nyumba kumi hakina posho, mtu ametoka mlangoni kwake. Pesa itumike kuprinti ramani kubwa, kulipa wanaoandika maoni, na nauli ya wanaowakilisha kwenye vikao vya mbali. Ukianza kulipa kila anayekaa kwenye kiti umeshanunua saini.

Swali: Unasifu Mukuru na si ni huko watu walibomolewa 2021? Plani iliwasaidia nini?

Jibu: Swali zuri na sitalikwepa. Ni kweli, mwishoni mwa 2021 nyumba za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara, maelfu ya watu wakabaki nje kwenye mvua. Kabla ya hapo, kuanzia 2020, ile idara iliyokuwa inasimamia huduma za Nairobi ilikuwa imechimba visima na kuweka barabara Mukuru, kwa hivyo si kweli kwamba kazi yote ilienda bure. Lakini plani ya matumizi ya ardhi haimpi mtu hati. Kama ardhi bado ina majina ya watu wengine huko rejista, unaweza kuwa na ramani nzuri kabisa yenye maoni ya kila nyumba na bado tingatinga likaja. Ndio maana mkianza hii kazi, siku ile ile mnaandika barua ya kuomba rasimu, mwandikie na msajili wa ardhi mtafute nani ameandikwa kwa kila kipande. Na wale watu wa nyumba kumi msiwavunje plani ikipitishwa, siku ya tingatinga hao ndio watajua nani alikuwa anaishi wapi na amepoteza nini.